Nani Apime Uongo wa Magazeti?

Mwaka 1958 mahakama ya kikoloni katika Tanganyika ilimtia hatiani Julius Nyerere kwa makala aliyoiandika katika *Sauti ya TANU*, ikamtoza faini ya shilingi 3,000. Kosa lake lilikuwa kuwakashifu maofisa wa serikali. Katika utawala wa mtu huyo huyo ilitungwa Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, iliyompa mtawala uwezo wa kulifunga gazeti kwa amri tu. Sisemi haya kwa kumdhihaki marehemu. Nayasema kwa kuwa yaonyesha jinsi upanga huu unavyompendeza kila aushikaye.

Kwa sheria hiyo gazeti la *Mseto* lilifungwa Agosti 2016 kwa muda wa miaka mitatu. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, huko Arusha, ilitamka Juni 2018 kwamba amri ile ilivunja Mkataba wa Jumuiya. Hebu msomaji apime: kwa miezi ishirini na miwili mwandishi amenyimwa riziki na msomaji amenyimwa gazeti, na aliyetoa hukumu ni serikali ile ile iliyolalamika! Sheria mpya ya mwaka 2016 nayo, vifungu vyake kadhaa vilikataliwa na mahakama hiyo Machi 2019.

Wako wasemao, wala si wajinga, kwamba bila mkono wa waziri tutapata RTLM nyingine. Ni kweli redio ile ya Rwanda, iliyoanza mwaka 1993, ilichochea mauaji ya mwaka 1994. Lakini haikukosa waziri. Waziri wa habari, Faustin Rucogoza, aliionya. Haikumsikiliza, maana wenye redio walikuwa na wakubwa kuliko yeye. Aprili 1994 akauawa. Kilichokosekana ni chombo ambacho wakubwa hao wasingeweza kukipuuza.

Basi sheria na iwepo. Uongo udhuruo watu uadhibiwe, lakini na hakimu, baada ya mshitakiwa kusikilizwa. Masafa ya redio ni machache, nayo yagawanywe na baraza ambalo waziri hawezi kuliteua wala kulivunja. Magazeti yasiombe leseni kabisa. Karatasi haina masafa ya kugawanywa. Na waziri akikashifiwa anayo haki ile ile aliyo nayo muuza samaki: aende mahakamani, akangoje zamu yake.