Mrembo, Usiusingizie Mji wa Watu!

Wadau, kuna mrembo mmoja, jina kapuni, alikuja Mwanza kula bata la Nane Nane. Siku ya pili kaposti mguu umejaa vipele, eti Mwanza si pa kulala, wadudu watupu. Mashabiki wakaitikia. Mimi wa Buzuruga nimeshindwa kukaa kimya.

Kwanza, wale wadudu wanaopanda ziwani kama moshi hawaumi. Wanafuata taa, asubuhi unawafagia, yameisha. Aliyekuuma ni mbu, na mbu wa malaria anatafuta damu usiku, siyo saa tisa mchana ukipiga selfie Saanane.

Pili, tusidanganyane: malaria Kanda ya Ziwa ipo. Mdogo wangu alilazwa baada ya kulala gesti yenye tivii kubwa na neti yenye tundu la kupitisha ngumi. Ndiyo maana nakereka. Ukilaumu mji mzima, mwenye gesti ya hovyo anapona, halafu mama wa hapa Buzuruga mwenye neti nzima na wavu madirishani anakosa mgeni.

Agosti ni kiangazi, njooni tu. Ila kabla hujalipa, acha kuulizia mandhari peke yake. Kagua neti. Chungulia nje kama kuna madimbwi. Ukirudi kwenu na homa, kapime, usibahatishe dawa.

Dada, wewe ulichagua chumba kwa ajili ya picha, mbu naye akakuchagua wewe. Mwanza imekukosea nini?