Matairi ya Kirikuu yahesabiwe kuwa gharama, si mali

WAFANYABIASHARA wadogo wanaonunua pikapu ndogo za mtumba kutoka Japani, zile ambazo Kariakoo nzima inaziita Kirikuu, huuliza maswali mengi kabla ya kutoa fedha. Huuliza habari za injini, giaboksi, kilomita na kutu. Kuhusu matairi swali huwa moja tu: yana meno? Yakiwa na meno, dalali husema gari limekuja na matairi yake ya kiwandani, mnunuzi huridhika na bei husogea juu kidogo.

Swali hilo halitoshi, na anayelipia upungufu wake ni mwenye mtaji mdogo.

Gari lililotumika Japani kwa miaka 10 au 15 si rahisi liwe bado limevaa matairi ya kiwandani. Limevaa matairi aliyokuwa nayo mwenyewe wa mwisho siku aliyoliuza. Katika Hokkaido, Tohoku na sehemu nyingine za theluji, ni kawaida mwenye gari kuwa na seti mbili, moja ya miezi ya joto na nyingine ya miezi ya baridi. Gari likiuzwa wakati wa baridi huweza kupandishwa melini likiwa na seti ya theluji, na likashushwa nayo katika bandari ya Dar es Salaam, mji ambao haujui barafu isipokuwa ile ya kwenye friji.

Wapo wanaodhani kwamba tairi la theluji hutambulikana kwa misumari. Japani ilitunga sheria dhidi ya matairi ya misumari mwaka 1990, kwa sababu yalikuwa yakikwangua lami na kujaza miji vumbi, na viwanda vyake vikaacha kuyatengeneza. Mahali pake lilishika tairi la mpira laini, lenye meno mengi yaliyochanjwa mikato myembamba. Kwa macho ya haraka linafanana na tairi jingine lolote zuri. Tofauti imeandikwa ubavuni: neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake si ushahidi, kwa kuwa huwekwa pia kwenye matairi mengi ya kawaida.

Mpira wa tairi hilo umetengenezwa ubaki laini hata hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Kwenye lami ya Barabara ya Morogoro saa nane mchana mwezi Februari, ulaini huo hugeuka hasara. Tairi huisha upesi, meno huyumba chini ya mzigo, na gari huchelewa kusimama.

Wengine hujitetea kwamba kinachofaa kwenye theluji kitafaa pia wakati wa masika, kwa kuwa kote ni utelezi. Sivyo. Kwenye barafu kazi ya tairi ni kung'ang'ania sehemu iliyoganda. Kwenye mvua kazi yake ni kuyatoa maji chini yake kwa njia ya mifereji, ili mpira uguse lami. Kwenye lami yenye maji na joto, tairi la theluji kwa kawaida huhitaji nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko tairi la kawaida lililo zima. Ama maji ya Jangwani, pale Mto Msimbazi unapofurika na barabara kufungwa, hayo hayana tairi. Hapo dawa ni kusubiri.

Mtego mkubwa zaidi umo katika meno yenyewe. Tairi la theluji lina alama ya pili ya uchakavu, inayojitokeza tairi likifika nusu ya maisha yake. Kwa Mjapani wa Hokkaido, alama hiyo ikionekana tairi halifai tena kwa theluji na huondolewa. Kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, nusu iliyobaki inaonekana kuwa bahati. Ndiyo maana tairi lililokataliwa kwao linaweza kupita hapa kama tairi jema.

Jambo la pili ni umri. Tarakimu 4 za mwisho katika msimbo wa DOT ubavuni hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 4714 lilitengenezwa wiki ya 47 ya mwaka 2014, na limekwishapita miaka 10 ambayo baadhi ya watengenezaji wakubwa huitaja kuwa mwisho hata kama meno yapo. Mpira huzeeka kwa jua na hewa, hata gari likiwa limeegeshwa yadi.

La tatu ni mzigo, na hapa ndipo sifa ya kiwanda inapopimwa kwa haki. Sheria za Japani zinaruhusu pikapu za aina hii, zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 660, kubeba kilo 350. Hiyo ni mifuko 7 ya saruji ya kilo 50. Tairi lake la kawaida la mzigo, lenye ukubwa wa inchi 12, huwa na namba ya uzito 80, yaani kilo 450 kwa kila tairi. Lakini yapo matairi ya theluji ya vigari vya abiria yenye ukubwa huohuo na namba 74, yaani kilo 375. Yanaingia kwenye ringi bila tatizo, ila mhimili wa nyuma umepoteza uwezo wa kilo 150 bila mwenye gari kujua. Yeyote anayepita mtaa wa Kongo au Msimbazi anajua kwamba Kirikuu haiondoki na mifuko 7.

Kwa hiyo jibu la haki ni hili: tairi la kiwandani linatosha kwa mzigo ulioandikwa na kiwanda, likiwa na upepo uliotajwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Karatasi hiyo hutumia kPa, na 240 kPa ni karibu PSI 35. Halikuahidi zaidi ya hapo.

Upande wa pili nao una hoja. Gari linalozunguka Kariakoo, Gerezani na Ilala tu, katika foleni, halifikii mwendo wa kulifanya tairi lichemke. Mwenye gari hilo anaweza kuyatumia matairi yaliyokuja nalo kwa muda akitafuta fedha, mradi si mazee wala hayana nyufa. Lakini biashara haikai mtaani. Mteja wa Kibaha au Mkuranga akipiga simu, dereva huyohuyo huingia barabara kuu na mzigo uleule. Tairi likipasuka huko, bima ndogo haimlipi mwenye gari kwa gari lake wala kwa bidhaa zilizomwagika. Hulipa madai ya watu wengine, na marejesho ya mkopo yanabaki palepale. Uhai wa dereva na utingo haurejeshwi na bima yoyote.

Nchi iliwahi kuwa na tairi lake. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilianza uzalishaji miaka ya mwanzo ya 1970, kikasimama kabla ya mwaka 2010. Soko likabaki kutegemea sana bidhaa za nje, mpya na za mtumba, na mzigo wa kuchambua ukamwangukia mnunuzi.

Kwa mwenye kununua, hesabu iwe rahisi. Bei ya matairi 4 mapya ya mzigo iandikwe mapema pamoja na ushuru, usajili na bima. Ubavu wa kila tairi usomwe kabla ya mazungumzo ya bei. Likikutwa neno STUDLESS, namba 74 au mwaka wa zamani, gharama ya kubadilisha iombwe kama punguzo, kwa maana gari hilo halikuja na matairi ya kazi. Kwa mwenye duka la matairi ya mtumba, aina na umri vitajwe waziwazi. Faida ya tairi moja la theluji ni ndogo kuliko mteja anayeapa kutorudi.