TUSIUZE MSHAHARA UNGALI UA

KILA mwaka, ifikapo Novemba na Desemba, vyuo vyetu hufanya mahafali. Vijana huvaa majoho, wazazi hupiga vigelegele, na mgeni rasmi hutoa nasaha. Siku ya pili yake joho hurudishwa lilikoazimwa, na kijana hubaki na cheti chake, begi lake na swali ambalo pengine hakuna mwalimu aliyemfundisha kulijibu: kuanzia leo nitakula nini, nitalala wapi, na kwa fedha ya nani?

Swali hilo leo tunataka kulijibu kwa mfano wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, huko mkoani Kagera. Msomaji wetu wa Unguja au Pemba asiseme kwamba huko ni mbali. Karne ya 19, wakati wa Mfalme Rumanyika, wafanyabiashara wa Pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, katika nchi ya Karagwe. Na leo, kijana wa Micheweni au Makunduchi akiajiriwa katika idara ya Muungano kama vile Uhamiaji, anaweza kupangiwa kazi Murongo, kwenye mpaka wetu na Uganda katika Wilaya ya Kyerwa. Shida za maisha mapya zitakazompata huko ndizo zinazompata kijana mwenyeji wa huko anayerudi nyumbani na shahada yake.

Karagwe na Kyerwa, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja, ni nchi ya kahawa, migomba na maharage. Huko mali ya familia ni kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba, ambamo mibuni hupandwa pamoja na migomba. Kibanja ndicho kinacholisha, na kahawa ndiyo inayolipa ada. Kwa hiyo kijana wa huko anapomaliza chuo, mara nyingi nyuma yake kuna misimu kadhaa ya kahawa iliyokwisha kuliwa na masomo yake, au ng'ombe aliyeuzwa, au hata kipande cha kibanja kilichokatwa.

Wananchi wa huko wana neno moja ambalo kila msomi angepaswa kulijua. Neno hilo ni butura. Maana yake ni kununua kahawa ya mkulima ingali ua au ingali mbichi mtini, kwa bei ndogo, kwa sababu mkulima ana shida ya leo na hawezi kungoja mavuno. Mtoto anadaiwa ada, mgonjwa yuko hospitali, au kuna msiba. Mlanguzi anakuja na fedha mkononi, na mkulima anakubali. Msimu unapofika, mkulima huyo huyo huvuna kwa jasho lake kahawa ambayo si yake tena. Serikali imeipiga marufuku butura, na vyama vya ushirika vimeundwa ili mkulima auze kahawa yake ikiwa imekauka na kupimwa. Lakini butura haikuondoka kwa amri peke yake, kwa kuwa iliyoizaa ni shida isiyokuwa na akiba.

Sisi wa Visiwani hatuna haki ya kuwacheka. Wazee wetu waliweka rehani karafuu zikiwa mtini, na mikarafuu yenyewe, na ardhi iliyoiota. Madeni yalizidi hata serikali ya kikoloni, mwaka 1934, ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia mashamba yasichukuliwe na wadai. Mwenye shamba alikuwa akiitwa tajiri, kumbe alikuwa kibarua katika mali yake mwenyewe.

Tunachosema leo ni kwamba butura imehama kutoka shambani na kuingia ofisini. Mkulima aliuza ua la mbuni. Msomi wetu anauza mshahara ambao haujaingia. Mikopo hiyo wananchi wameipa jina linalostahili: kausha damu. Hutolewa na watu wenye ofisi za kichochoroni, na siku hizi hutolewa hata kwa simu, kwa dakika chache, bila ya kuonana uso kwa uso. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila ya leseni, ikawaonya wananchi wasijiingize humo. Onyo hilo lilikuwa la haki. Lakini kijana asiye na akiba husoma onyo asubuhi, na jioni akakopa.

Tuchukue mfano. Kijana anakopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi analipa riba peke yake, shilingi 40,000, kwa kuwa hana uwezo wa kulipa deni lenyewe. Baada ya mwaka mmoja atakuwa amelipa shilingi 480,000, na zile 200,000 bado anadaiwa. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Unyonyaji wa namna hii hauna tofauti na ule tuliokuwa tukiulaani katika mikutano ya hadhara. Kilichobadilika ni kwamba mnyonyaji sasa anakaa ndani ya simu.

Jambo la kwanza analopaswa kulijua kijana ni kwamba mshahara ulioandikwa katika barua ya ajira sio mshahara atakaoupokea. Mtumishi wa umma wa Tanzania Bara mwenye mshahara wa shilingi 700,000, aliyesoma kwa mkopo wa Serikali, atakatwa asilimia 15, yaani shilingi 105,000, kurejesha mkopo huo. Mfuko wa hifadhi ya jamii utachukua asilimia 5, shilingi 35,000. Bima ya afya itachukua asilimia 3, shilingi 21,000. Kodi ya mapato itakuwa shilingi 49,000. Jumla ni shilingi 210,000, na kitakachomfikia mkononi ni shilingi 490,000. Kijana aliyepanga nyumba, samani na pikipiki kwa kuhesabu 700,000 amekwisha kuanguka kabla hajasimama.

Makato hayo si adui yake. Mkopo wa elimu ni fedha ya umma, na anaourejesha ndiye anayemsomesha mdogo wake. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Bodi ya Mikopo ya Bara na ndivyo ilivyo kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Serikali nayo ilisikia kilio: mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa. Dawa ya deni ni kulipa, na deni hili lina riziki ya wengine ndani yake.

Jambo la pili ni kuzigawa zile 490,000 kabla hazijaingia, si baada ya kuingia. Hatumpangii mtu maisha, lakini tunatoa mfano. Nusu yake, shilingi 245,000, iwe ya chakula, pango na nauli. Katika wilaya yenye ndizi na maharage tele jambo hilo linawezekana, ikiwa kijana atakubali kula kinacholimwa alipo na sio kuagiza maisha ya Dar es Salaam. Sehemu moja ya tano, shilingi 98,000, iwe akiba isiyoguswa. Zinazobaki zigawanywe sawa: shilingi 73,500 za wazazi na wadogo zake, na shilingi 73,500 za maandalizi ya mbele, iwe ni ujuzi zaidi, kiwanja au miche ya mibuni. Akifuata hivyo, katika miezi minane atakuwa na akiba ya kumlisha miezi mitatu bila ya mshahara. Mtu mwenye akiba hiyo hapigi magoti mbele ya mkausha damu.

Sisi tuliosomeshwa chuo cha Kurani kabla ya kuingia skuli tuliyasikia haya tukiwa tumekaa juu ya jamvi. Tulisimuliwa habari za Nabii Yusuf, aliyeshauri nafaka ya miaka saba ya neema ihifadhiwe kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ya sura ya Al-Baqara inayoamrisha watu waandikiane madeni yao. Kuandika mapato na matumizi katika daftari basi si ubahili. Ni adabu ya zamani, na tumeiacha wenyewe.

Lakini vipi yule asiyepata ajira? Wengi wanaorudi Karagwe na Kyerwa hivi leo hawana barua ya ajira mkononi. Kwa hao mipango inapaswa kuanza wakiwa bado chuoni. Fedha ya chakula na malazi ambayo wanafunzi huiita "bumu" ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Mwanafunzi anayeweka shilingi 500 tu kila siku, kwa siku 240 za mwaka, atakuwa na shilingi 360,000 baada ya miaka mitatu. Si utajiri. Lakini ni mbegu za maharage na kibarua cha kulimia msimu wa vuli, au ni cherehani, au ni vifaa vya fundi umeme. Ni tofauti ya kurudi nyumbani na kitu na kurudi mikono mitupu.

Anayerudi kibanjani asione haya. Mwalimu Nyerere alipotoa mwaka 1967 waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isimtenge kijana na jamii iliyomlea. Mche wa mbuni huhitaji kiasi cha miaka mitatu kabla ya kutoa mavuno ya maana; kwa hiyo anayepanda leo awe na maharage ya kumlisha kesho, awe mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika, na ajifunze hesabu za chama hicho ili asiibiwe yeye wala baba yake. Msomi mmoja anayejua kusoma mizania katika mkutano wa ushirika ana faida kubwa kwa kijiji kizima.

Kwa wazazi tunasema kwa heshima: mtoto aliyehitimu si hundi ya benki. Hatusemi kijana awatupe waliouza ng'ombe kwa ajili yake. Atakayefanya hivyo hana utu. Tunasema familia ikae kitako, ikubaliane kiwango anachokiweza na kwa muda gani. Kijana anayebebeshwa ada za wadogo watano katika mwezi wake wa kwanza ataenda kukopa ili aonekane mwema, na mwisho wake hatasaidia hata mmoja.

Sasa tugeukie upande wa viongozi, kwa kuwa si haki kuwahubiria vijana akiba huku tukiwachelewesha. Mtumishi mpya hufika kituoni akiwa na begi moja. Fedha yake ya kujikimu ni haki yake, si zawadi ya ofisa. Inapochelewa, na jina lake linapochelewa kuingia katika orodha ya mishahara, anakula kwa mkopo tangu siku ya kwanza. Mshahara wake wa kwanza unapotoka huwa umekwisha kuliwa. Kila ofisa anayekalia jalada la mtumishi mpya ajue kwamba anamfanyia kazi mkausha damu, ajapokuwa hapokei chochote kwake.

Vile vile ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sheria imeigawa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mikopo isiyo na riba. Ilisitishwa mwaka 2023 kwa ajili ya kusafisha kasoro zake, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Tunaomba mambo mawili. Itolewe kabla ya mvua, kwa maana mkopo wa mbegu unaotoka wakati wa kupalilia hauna kazi. Na itolewe kwa anayestahili, pasipo kuulizana huyu ni mtoto wa nani.

Vyuo navyo vina wajibu. Mwanafunzi anayefundishwa uchumi wa dunia kwa miaka mitatu afundishwe pia, japo kwa juma moja kabla ya mahafali, namna ya kusoma hati ya mshahara, namna ya kujiunga na mfuko wa hifadhi ya jamii hata akijiajiri mwenyewe, na namna ya kumtambua mkopeshaji asiye na leseni. Kazi hiyo haihitaji bajeti mpya.

Nchi hujitegemea pale watu wake wanapojitegemea. Hatuwezi kulilia uchumi wa Taifa ulioelemewa na madeni huku walimu, wauguzi na maofisa wetu vijana wakiamka kila asubuhi kumfanyia kazi mdai. Mkulima wa Karagwe alijifunza kwa uchungu kwamba ua la mbuni haliuzwi. Tunatoa mwito kwa kila kijana anayevaa joho mwaka huu, awe wa Kayanga au wa Chake Chake: ngoja kahawa ikauke, ipime mwenyewe, ndipo uiuze.