Ndugu, Tafuta Daktari Anayepima Kwanza

Leo naongea na wanaume, lakini dada zangu msiondoke.

Ndugu mmoja alinijia baada ya ibada. Uchovu kila siku, hamu ya tendo la ndoa imekwisha, nyumbani ni kimya. Nikamwekea mikono, nikakemea, nikamwambia aende kwa amani. Alirudi mara tatu na shida ile ile. Mara ya nne alikuwa ameshauziwa sindano za testosteroni mahali fulani, bila kupimwa hata damu.

Yeye na mkewe walikuwa wakimwomba Mungu mtoto. Hakuna aliyemwambia kwamba testosteroni ya kudungwa huzifanya korodani zilegeze kazi yake, na mbegu zikapungua, hata zikaisha kabisa.

Kuomba sikukosea. Nilikosea kutomuuliza, "Ndugu, umemwona daktari?"

Luka alikuwa tabibu, na Paulo alisafiri naye. Lakini yule mama wa Marko 5 alizunguka kwa matabibu wengi, akamaliza mali yake, na hali ikazidi kuwa mbaya. Kwa hivyo Biblia yenyewe inatuonya: si kila anayejiita tabibu atakusaidia.

Utamjuaje anayejua kazi yake? Anauliza kabla ya kuandika dawa: unalala vipi, unakoroma, una kisukari, uzito umeongezeka, unatumia dawa gani? Anakupima damu asubuhi, kabla ya saa nne, kwa sababu ndipo kiwango huwa juu. Kikiwa chini, anarudia kipimo siku nyingine. Kisha anatafuta chanzo: je, ni korodani, au ni ile tezi iliyo chini ya ubongo inayozipa amri? Anakuuliza kama bado unataka watoto. Na akikuanzishia matibabu hakuachi. Anaendelea kupima damu isiwe nzito kupita kiasi, na anaangalia tezi dume.

Anza na daktari wa kawaida, umwombe akutume kwa daktari wa homoni, au wa mfumo wa mkojo na uzazi wa wanaume. Hakikisha jina lake liko kwenye rejista ya Baraza la Madaktari, KMPDC. Unaweza kuitafuta rejista hiyo kwenye tovuti yao.

Yule anayekuuzia "nguvu za kiume" kwa bango kwenye nguzo ya stima hajakuuliza hata swali moja. Mkimbie!

Mama, usimcheke mume wako, wala usidhani ana mwingine. Mshike mkono mwende pamoja. Na sisi wachungaji, tuombee watu, kisha tuwaambie waende wakapimwe. Kwenda hospitali si kukosa imani.

Baba, ondoa aibu kwa ndugu anayesoma haya usiku akiwa peke yake. Mpe ujasiri wa kusema, na umwongoze kwa daktari mwaminifu. Kwa jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, umtumie ndugu mmoja.