Aliyenunua Sidii Halali Ndiye Amefungiwa Nje

Wasee, leo sina klipu ya kuchekesha. Leo nina hasira kidogo na nitawaeleza polepole mpaka mjue imetoka wapi.

Wiki mbili zilizopita baba mmoja wa hapa Masaku alinitafuta. Mtoto wake huangalia video zangu, akamwambia mimi ndio yule kijana wa gemu za kitambo. Mzee akaja na bahasha ya khaki. Ndani kulikuwa na Need for Speed Underground 2, ile ya 2004, sidii orijino na boksi lake na kile kikaratasi cha namba ndefu. Aliinunua Nairobi mwaka wa 2007, kifungua mimba wake akiwa darasa la pili. Sai huyo kijana yuko Qatar anafanya kazi, na kitinda mimba ana miaka kumi na moja. Hawa wawili hawajuani vizuri. Wakipigiana simu ni "sasa", "poa", halafu kimya. Mzee akawaza: huyu mdogo akicheza kile kaka yake alicheza, angalau watakuwa na kitu ya kuongelea.

"Nililipa pesa nzuri, kijana wangu," akaniambia. "Nikiiweka kwa hii laptopu inakataa tu. Kwani niliuziwa feki?"

Hapana mzee, hukuuziwa feki. Shida ni kwamba uliuziwa ya ukweli.

Sikizeni. Gemu nyingi za miaka ile zilikuja na mlinzi anaitwa SafeDisc. Kazi yake ilikuwa moja: kuangalia kama sidii ni halisi au imenakiliwa. Ili afanye kazi hiyo, alitumia draiva iliyoingia ndani kabisa ya Windows, mahali programu ya kawaida hairuhusiwi kufika. Baadaye draiva hiyo ikaonekana ni hatari kwa usalama. Windows 10 ilipotoka 2015, Microsoft waliiacha nje, na Septemba ya mwaka huo huo wakaizima hata kwa Windows za nyuma. Kwa hilo siwalaumu. Mlango mbovu ufungwe.

Lakini cheki kilichofuata. Unaweka sidii uliyonunua, gemu inamwita mlinzi, mlinzi hayuko, gemu inakataa kufunguka. Mbio za magari ni zile zile, nyimbo ziko, kila kitu kiko sawa kwenye hiyo sidii. Kilichokufa ni askari wa getini peke yake, na alikufa na funguo mfukoni.

Sasa mimi. Underground 2 niliicheza kwa sidii ya mia moja, jina la gemu limeandikwa juu na maka peni, tena na makosa ya spelingi. Ilichomwa na mtu na mlinzi alikuwa ametolewa zamani. Kopi kama hiyo haina askari wa kumngoja, kwa hivyo si SafeDisc itakayoizuia leo. Manze, fikiria hiyo kitu. Mzee aliyefuata sheria amefungiwa nje, na mimi niliyenunua ya wizi niko ndani nimekunja miguu. Sijivunii. Nasema tu vile ilivyo.

Watu wataniambia: si ununue mpya? Sawa, tuongee mpya. Novemba 2021 Rockstar walitoa GTA tatu za zamani zikiwa zimepakwa rangi upya, na kabla ya hapo walikuwa wameondoa zile za awali madukani. Mpya zikaja zimejaa kasoro mpaka kampuni ikaomba msamaha na kurudisha za zamani. Na hizo zilikuwa gemu maarufu duniani. Ambazo si maarufu hakuna mtu huzipaka rangi. Mwaka wa 2023 shirika la Video Game History Foundation la Marekani lilihesabu likapata kwamba asilimia 87 ya gemu za kitambo zilizotolewa nchini humo hazipatikani tena sokoni. Hata ukiwa na pesa mkononi, hakuna mahali pa kuipeleka.

Na laptopu mpya je? Hapa kwetu wengi wetu tunatumia zile za ex-UK. Mashine ni nzuri, kibodi ngumu, inafungua kila kitu. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakamaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kwa hivyo laptopu ambayo haijaharibika inaitwa takataka. Ni ugonjwa ule ule wa sidii ya mzee: kitu kizima kimetangazwa kimekufa na mtu ambaye hajawahi kukiona.

Hapa nitaongea kitu cha kibinafsi kidogo. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilishinda watu wa nyumbani, na nisiwadanganye, nilikuwa pia nimechoka kunakili noti za kompyuta bila kuigusa kompyuta. Mwaitu bado huniuliza narudi lini. Akiniona usiku nikipigana na gemu ya 2005 anadhani nacheza. Kusema kweli, wakati mwingine nacheza. Lakini mengi ninayojua kuhusu kompyuta nimeyapata hapo.

Mfano mmoja tu. San Andreas ina ndege ya majini inaitwa Skimmer. Kwa miaka karibu ishirini hakuna mtu aliilalamikia. Halafu likaja toleo la Windows 11 la 24H2, na ndege ikapotea. Ukiilazimisha itokee, inakurusha juu angani kama risasi. Kila mtu akasema Windows imeharibu gemu. Jamaa mmoja anayejiita Silent, ambaye hutengeneza viraka vya GTA bila kulipwa na kampuni, akachimba. Akapata kwamba kwenye faili ya magari, mstari wa hiyo ndege unakosa namba za saizi ya magurudumu. Waliouandika walizisahau. Miaka yote hiyo gemu ilikuwa inaokota masalio ya gari lililosomwa kabla yake, yaliyobaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kwa bahati masalio hayo yalitosha. Windows mpya ikaanza kutumia ile sehemu ya kumbukumbu kwa kazi nyingine, bahati ikaisha.

Nilisoma maelezo yake mara tatu. Ndio siku nilielewa kwa nini mwalimu alisema usitumie namba ambayo hujaipa thamani. Kule darasani ilikuwa sentensi ya kukariri. Hapa ilikuwa ndege iliyopotea.

Kwa hivyo mtoto wako akihangaika kufungua gemu nzee, usimzimie stima. Muulize imekataa wapi. Gemu ya DOS inataka DOSBox. Kama kisakinishi ni cha biti 16, Windows ya biti 64 haitakifungua hata ukiombea. Kama picha zinaparanganyika, jaribu dgVoodoo2, inayotafsiri lugha ya michoro ya zamani kuwa ya sasa. Kama laptopu imekataliwa na Windows 11, weka Linux, halafu ujaribu Wine au Proton. Kila hatua hapo ni somo, na zote ni za bure. Kitu kimoja tu naomba: usipakue faili ya kuvunja ulinzi kutoka tovuti yoyote unayokutana nayo. Kuna watu wanajua tunavyozipenda hizi gemu, na wanaweka virusi hapo wakitungojea.

Turudi kwa mzee. Laptopu yake haina hata mahali pa kuweka sidii, kumbe alikuwa ameazima kisomaji cha nje cha kuchomeka. Nilitumia programu ndogo inaitwa SafeDiscShim, ambayo inajibu maswali ya gemu mahali pa ile draiva iliyozimwa, bila kurudisha shimo la usalama. Sidii inabaki ile ile halali. Halafu nikaweka kiraka cha kioo kipana ili magari yasionekane yamekanyagwa. Jioni mbili zikaisha hapo. Alitaka kunilipa elfu moja, nikachukua mia tano.

Lakini haifai iwe hivi. Kwa nini haki ya mzee itegemee kijana wa Machakos aliyeacha chuo na mtu mwingine wa mbali anayeandika programu kwa hiari? Kampuni inayoamua kwamba kufuli lake halifanyi kazi tena, itoe kiraka cha kuliondoa. Kama haitaki kazi hiyo, iseme wazi kwamba mwenye sidii yake anaweza kulitoa bila kuitwa mwizi. Mwaka wa 2024 Ubisoft walizima seva za The Crew na waliolipa wakabaki mikono mitupu, na hasira hiyo ndiyo ilizaa kampeni ya Stop Killing Games kule ng'ambo. Sisi huku tunanyamaza kwa sababu tumezoea kopi za mia moja. Lakini huku pia wako wazee wenye bahasha za khaki.

Na msidhani ni za wazungu pekee. Nairobi X, gemu ya risasi ya Black Division Games ambapo viumbe wa anga wanavamia Nairobi, ilitengenezwa hapa Kenya. Nani ameweka kopi yake mahali salama? Miaka ishirini ijayo itafunguka kwa mashine gani?

Juzi usiku mzee alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma nasikia injini, nasikia mtoto akipiga kelele kwa simu, "Wee, hii gari yako ulikuwa umeweka spoila gani?" na sauti ya mbali ikicheka kutoka Qatar.

Haya, zamu yenu. Ni gemu gani iko kwa droo nyumbani, na imekataa kufunguka kwa sababu gani? Andikeni hapo chini. Nitachukua tano za kwanza.