Ushauri wa mtandaoni wagonga mwamba penye lango la bweni

HUKU ushauri nasaha wa mtandaoni ukizidi kusifiwa kuwa nafuu kwa vijana wanaodhihakiwa kwa unene au wembamba wao, hali ilivyo Thika na Ruiru, Kaunti ya Kiambu, yaonyesha kuwa anayeuhitaji zaidi ndiye asiyeweza kuufikia.

Sababu yenyewe si ngumu kuiona. Thika ni mji wa shule. Chania Boys na Chania Girls zimo mjini, nayo Mang'u haiko mbali. Katika shule za bweni kote nchini, mwanafunzi haruhusiwi kumiliki rununu, na akipatikana nayo huadhibiwa.

Lakini bwenini ndiko majina ya kejeli yanakotungwa: kwenye foleni ya chakula, bafuni, na uwanjani wakati wa mazoezi. Mwanafunzi anayebandikwa jina la tipwatipwa au kimbaumbau wiki ya pili ya muhula atalazimika kungoja likizo ndipo amwone mshauri kwenye kioo cha simu. Kufikia wakati huo, jina limeshazoeleka hata kwa baadhi ya walimu.

Wanaolala nyumbani nao wana tatizo tofauti. Wanafunzi wa sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi 9, wengi wao ni wa kutwa, na simu wanayoitumia aghalabu ni ya mzazi. Ruiru ilihesabiwa kuwa na wakazi 490,120 katika sensa ya 2019, karibu mara mbili ya Thika iliyokuwa na 251,407. Ni mji wa wapangaji, wengi wakiishi familia nzima katika chumba kimoja au viwili.

Kijana atamweleza nani uchungu wake kwa sauti ilhali mamaye anapika hatua mbili kutoka alipoketi, na nduguye anangoja simu hiyo hiyo acheze mchezo? Bando hununuliwa. Faragha haiuzwi dukani.

Isitoshe, watu wazima wengi hawaoni kama kuna kosa. Shangazi anayefika kutoka mashambani na kumwambia mpwawe, "Umenona!" huwa anashukuru Mungu kwamba mtoto anakula na kushiba. Msichana wa miaka 14 aliyeshinda akiitwa kibonge shuleni huyasikia maneno hayo kama muendelezo wa kejeli za mchana. Ndiyo maana malalamiko ya aina hii hupuuzwa nyumbani kuwa deko, na mtoto hujifunza kunyamaza.

Ukubwa wa tatizo la afya ya akili miongoni mwa vijana si siri. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2022 ulibainisha kuwa asilimia 44.3 ya Wakenya wa umri wa miaka 10 hadi 17 walikuwa wamepatwa na tatizo fulani la afya ya akili katika kipindi cha miezi 12.

Wala haiwezi kusemwa kwamba teknolojia haifai. Mwaka 2020, watafiti wa Shamiri, shirika lililoasisiwa na Mkenya Tom Osborn, walichapisha matokeo ya jaribio lililowashirikisha wanafunzi 103 wa sekondari nchini. Zoezi la kikao kimoja tu kwenye tarakilishi lilipunguza dalili za sonona baada ya wiki mbili.

Jaribio lao jingine, lililochapishwa mwaka 2021, liliwahusu vijana 413 kutoka shule nne za kaunti za Nairobi na Kiambu. Hapo vikao vinne vya makundi, vikiongozwa na vijana waliomaliza shule si muda mrefu, vilipunguza dalili za sonona na wasiwasi. Tafiti hizo hazikuhusu dhihaka za unene hasa. Hata hivyo, zote mbili ziliwalenga wanafunzi, na hazikumtaka yeyote aingize rununu bwenini kwa siri.

Sheria pia haizuii. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya habari za mtoto kushughulikiwa, lakini kifungu cha 33 kinatoa nafasi kwa wanaotoa huduma za ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto pekee kutolazimika kuitafuta. Hili ni jambo la maana kwa mtoto ambaye anayemkejeli yumo nyumbani mwake.

Tahadhari inahitajika, ingawa. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 inawataka watoaji wa huduma hii wasajiliwe, ila mtandaoni mwuza chai ya kupunguza tumbo naye hujiita mshauri. Aidha, mshauri aliye nyuma ya kioo humwona kijana kuanzia mabegani kwenda juu. Hawezi kumpima uzani wala kujua kwamba amekuwa akigawa chakula chake kwa wenzake kwa majuma mawili. Kijana aliyefikia hatua ya kujinyima chakula apelekwe kwa daktari, na Hospitali ya Thika Level 5 ipo karibu.

Walimu wakuu wana haki ya kuhofia simu, kwa kuwa wizi wa mitihani na video za aibu zimewachosha. Lakini hakuna anayewaomba wafungulie rununu 1,000. Chumba kimoja chenye mlango unaofungika, tarakilishi moja, na simu inayoweza kupiga 116, nambari ya bure ya Childline Kenya inayopokewa usiku na mchana, vingetosha kuanzia. Mwanafunzi aingie bila kuulizwa anakwenda kusema nini, na asilazimike kupitia kwa mwalimu wa ushauri ambaye mara nyingi ndiye anayemfundisha hisabati asubuhi.

Uamuzi huo hauhitaji kungoja Nairobi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imezitwika bodi za usimamizi wa shule jukumu la kuhakikisha kila mwanafunzi anapata ushauri nasaha, na bodi hizo hukutana kupitisha bajeti.