Akiba Walikuwa Nayo

Kauli hii imezoeleka kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya waishio Marekani, na siku hizi imevuka bahari hadi vijiweni kwetu: Weusi wa Marekani ni maskini kwa uvivu na ubadhirifu wao. Wamezaliwa na makaratasi, Kiingereza ni chao, mshahara ni wa dola, lakini hela yote inaishia kwenye viatu na magari. Sisi tunafika na begi moja, tunabeba boksi, na baada ya miaka michache tuna nyumba. Wao wako pale miaka mia nne, wana nini?

Kauli hiyo ni ya uongo, na ikitoka kinywani mwa Mwafrika ni aibu.

Tuanze na hiyo akiba wanayodaiwa kutoijua. Machi 1865 Rais Lincoln alitia saini sheria ya kuanzisha benki ya akiba kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Walikuja askari Weusi na malipo yao ya vita, wafuaji nguo, vibarua wa mashambani. Waliweka senti na dola, wengi wakiamini kwamba serikali yenyewe ndiyo mdhamini. Miaka michache baadaye masharti yalilegezwa, na wakubwa Wazungu waliosimamia benki wakaanza kuikopesha fedha hiyo kwa wafanyabiashara na marafiki zao. Mtikisiko wa uchumi wa 1873 ulipopiga, mikopo mingi haikurudi. Mwaka uliofuata wakamkabidhi Frederick Douglass, mwanaharakati Mweusi aliyewahi kuwa mtumwa, uongozi wa benki iliyokwisha kuoza, naye akatia dola 10,000 zake mwenyewe akitumaini kuiokoa. Juni 1874 milango ikafungwa. Wateja zaidi ya 61,000 walikuwa wanadai karibu dola milioni tatu, na wengi hawakuona hata senti. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo tulivyofundishwa. Hawa walijaza kibaba, kikamwagwa na watu waliovaa suti.

Na kabla ya hapo, walipoachwa huru, nani alilipwa? Katika mji mkuu wa Washington mwaka 1862, serikali ililipa fidia ya hadi dola 300 kwa kila mtumwa, na aliyelipwa ni bwana. Hili halipaswi kutushangaza sisi wa pwani, maana amri ya Zanzibar ya 1897 nayo iliweka fidia kwa wenye watumwa, si kwa watumwa.

Utajiri wa familia ya kawaida ya Kimarekani umejengwa juu ya nyumba: unakopa, unalipa, thamani inapanda, unamwachia mtoto. Katika miaka ya 1930 shirika la serikali lilichora ramani za miji na kuipaka mitaa ya Weusi rangi nyekundu, kuwa ni hatari kukopesha hapo. Baada ya Vita Kuu ya Pili askari waliorudi walipewa haki ya mikopo yenye dhamana ya serikali. Jimboni Mississippi mwaka 1947, kati ya mikopo 3,229 ya aina hiyo, askari Weusi walipata 2. Walipigana vita ileile, wakavaa sare ileile.

Aliyenyimwa benki alikwenda kwa dalali. Chicago, mitaa kama North Lawndale, dalali alinunua nyumba kwa Mzungu anayehama kwa bei ya kutupa, akamuuzia Mweusi kwa bei ya mara mbili au zaidi, kwa malipo ya kila mwezi. Hati ilibaki kwa dalali mpaka senti ya mwisho. Ukikosa mwezi mmoja unatolewa, ulicholipa kimepotea, na nyumba inauzwa tena kwa Mweusi mwingine. Mtu akifanya kazi mbili ili asikose malipo hayo, nani ana uso wa kumwita mvivu?

Wapo watakaosema hayo ni ya kale. Basi tuje Ferguson, Missouri. Ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya 2015 inaeleza habari za mama mmoja Mweusi aliyeegesha gari vibaya mara moja tu, mwaka 2007. Akapigwa faini ya dola 151 pamoja na ada. Alikuwa na shida ya fedha, akashindwa kulipa kwa wakati na kufika mahakamani, na kila kutofika kukazaa faini nyingine na hati ya kukamatwa. Alipopeleka dola 25, kisha 50, mahakama ilizirudisha: ilitaka zote kwa mkupuo. Alikamatwa mara mbili, akalala mahabusu siku sita, akalipa jumla ya dola 550. Hadi Desemba 2014 bado alikuwa anadaiwa 541. Ripoti hiyo inasema wazi kwamba mji ule ulikuwa unategemea faini kama chanzo cha mapato, na waliokamuliwa zaidi walikuwa Weusi.

Matokeo yake yanapimika. Kwa takwimu za Benki Kuu ya Marekani za 2022, ukizipanga familia kwa mstari kuanzia maskini hadi tajiri, ile ya katikati ya Wazungu ilikuwa na mali ya dola 285,000. Ya Weusi ilikuwa na dola 44,900. Viatu vya nani vinagharimu tofauti hiyo?

Na sisi wenye begi moja? Wengi wetu tumechujwa kwa visa na vyeti kabla ya kupanda ndege, na hakuna babu yetu aliyeporwa akiba kule. Lakini watoto wetu wanazaliwa kule. Wachumi wawili waliwahi kutuma maombi ya kazi Chicago na Boston, sifa zikifanana, majina yakitofautiana, na matokeo yakachapishwa 2004: wenye majina ya Kizungu waliitwa kwenye usaili kwa asilimia 50 zaidi. Mojawapo ya majina ya Weusi waliyotumia ni Jamal, jina lililojaa Mombasa na Tanga.

Hata hiyo nyumba tunayojivunia haina kinga. Karibu na San Francisco, mwaka 2020, wenye nyumba Weusi walitajiwa na mthamini kwamba nyumba yao ina thamani ya dola 995,000. Wakaondoa picha zao ukutani, wakamwomba rafiki Mzungu ajifanye mwenye nyumba, akaja mthamini mwingine: dola 1,482,500.